Waliopiga Maji Kabla ya Kunywa

Mama Aikande wangu,

Ninakuandikia nikiwa barazani, blanketi mabegani, mlima uko nyuma yangu. Daktari wa Moshi mjini amesema moyo umechoka. Alilisema hilo kwa upole mwingi, nami nikamshukuru. Macho yamefifia, kwa hiyo utauvumilia mwandiko. Kuna jambo sikukuambia kwa sababu lilitokea siku tuliyokuzika, na sitaki kuja kulala kando yako nikiwa bado nimelibeba.

Nianze na farasi, maana bila wao nisingelielewa.

Unakumbuka Najma alivyofika. Lile shamba kubwa la huko chini nilikokuwa bwana mifugo lilipouzwa, farasi wengine walipelekwa Arusha. Akabaki yeye, ana mimba na anachechemea, hakuna aliyemtaka. Nikapanda naye Machame taratibu, nimemshika kamba. Watu walitoka kwenye migomba kumtazama: uso uliobonyea kidogo katikati, pua pana, mkia ameuinua hata katika uchovu ule. Mdogo wangu Elifuraha alimzunguka, akainama kuchungulia chini ya tumbo, akasema, "Kaka, siku utakayomkamua huyu uniite nije na kikombe." Wote walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Kisha ukashuka tambarare kukata majani, ukarudi na mzigo kichwani, ukamlisha yeye kabla ya ng'ombe.

Jioni nilikueleza niliyoyaona shambani kwa miaka mingi. Bibi yake Najma aliyapiga maji kwa ukwato wa kulia, mara moja, ndipo akanywa. Mama yake vivyo hivyo. Najma naye vivyo hivyo. Mwenye shamba wa zamani aliwahi kuniambia kwamba huko Uarabuni farasi hawa huhesabiwa ukoo kwa upande wa mama. Ukitaka kujua huyu ni wa nani, unauliza aliyemzaa. Ulisema hao Waarabu hawajakaa kikao na wazee wa Machame. Mimi, msomi wako, nikakufundisha kwamba kupiga maji si jambo la damu. Ni kuiga tu: mtoto humwona mama yake mtoni, naye akafanya.

Masika yalipokuja Najma alizaa, akafa. Zuhura ulimlea wewe, kwa maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu katika chupa ya soda, ukimwita mwanangu. Hakuwa amewahi kumwona farasi mwingine. Siku ya kwanza tuliyomwekea beseni la maji aliyatazama kwanza, akainua mguu wa kulia, akayapiga. Kanga yako ikalowa. Hukucheka. Ulinigeukia ukasema, "Baba Aikande, huyu alimwiga nani?"

Tangu siku ile, kila Zuhura alipokunywa, ulikuwa unanitazama tu.

Sasa niseme. Siku ya kukuzika, watu walipotawanyika, Elifuraha alibaki nami kaburini. Aliniuliza, bila ubaya wowote, nani atakayelitunza kaburi hili, maana mtoto wetu ni mmoja na ni wa kike. Nikamwambia kihamba, hili shamba letu la ukoo, ni cha mwanawe wa kiume. Hakunilazimisha. Nilikuwa sioni mbele. Ardhi ya baba yangu na babu yangu, pamoja na wewe uliyelala kati ya migomba yake, niliitoa kwa sentensi moja.

Baada ya mwaka, Aikande alirudi kutoka Mwanza na mtoto mchanga. Baba wa mtoto hakumtaja. Tukampa jina lako, Anasia. Ukoo ulimpokea kwa adabu, lakini kama mgeni, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Nami, nisikufiche, nilimpenda kama anavyopendwa mgeni.

Hadi alipokuwa na umri wa kukaa kwenye kigoda chako jikoni. Unajua ulivyokuwa: kabla ya kuinuka ulijipiga paja mara moja, kama mtu anayejiamrisha. Aikande hafanyi hivyo. Mimi sifanyi. Mtoto alimaliza kumenya ndizi, akajipiga paja, akasimama.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikata jani la isale pale mpakani, nikalifunga fundo kama tunavyofanya tunapoomba radhi, nikamwita Elifuraha. Nikamwambia ninaivunja ahadi yangu, nataka kihamba kiwe cha Aikande, na baada yake cha Anasia. Hakulipokea lile jani. Liliendelea kukaa mezani kati yetu, na wewe unajua isale halikataliwi hivi hivi.

"Kaka," akasema, "mwanangu nimwambie nini? Kwamba umempa mtoto wa mtu tusiyemjua?"

Alikuwa na haki ya kuuliza.

Anasia alikuwa ameketi karibu nasi, akimenya ndizi. Mama yake akamwita. Akajipiga paja, akasimama, akapita mbele yetu. Elifuraha alimfuata kwa macho hadi akaingia ndani.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepishana nawe njiani.

Kisha akalichukua lile jani, akalitia katika mfuko wa koti la kanisani. Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama farasi wangu wameanza kutoa maziwa.

Zuhura amezeeka, kama mimi, lakini nilimpeleka Arusha kwa dume akazaa binti. Majirani wameng'oa kahawa tangu bei ilipoharibika, lakini ile iliyo kando yako nimeiacha. Nafasi upande wako wa kushoto ni yangu, nimekwisha kuwaonyesha. Sasa hivi Anasia amempelekea maji binti wa Zuhura, na nimeyasikia yakipigwa.

Macho yangu yameisha, Mama Aikande. Ukinisikia nakuja, jipige paja mara moja, nijue uliko.

Mumeo,
Baba Aikande