Dinosauri wa Baba Ametoweka

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chapuchapu,

U mzima? Kile kifua kimepona? Mimi na Mama tunajikongoja. Naandika kwa kalamu kwa sababu tangu ugombane na Baba hupokei simu, na barua huwezi kuikata.

Baba si yule uliyemwacha. Kiharusi kimemchukua mkono wa kushoto na maneno mengi. Mwalimu wa udereva wa miaka thelathini, leo kifungo cha shati kinamshinda.

Unaukumbuka mchezo wa mashindano ya magari uliotuwekea kwenye kompyuta, ule unaojali hata joto la tairi? Na yule dinosauri uliyemtengeneza akae mahali pa gari, makusudi umkere mzee? Miguu miwili inatimua mbio, injini inanguruma, namba ya usajili inaning'inia mkiani. Siku ile alikufukuza chumbani, eti udereva si mzaha.

Basi daktari aliposema mkono upewe mazoezi, nilimfungia usukani mezani. Magari yote aliyakataa. Alipotokea dinosauri, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ikawa kila asubuhi wako barabarani, na kila kona anamfokea, "Indiketa, wewe! Indiketa!" Mama alikuwa anasimama mlangoni na sahani yake mkononi, anacheka naye. Maneno yakaanza kurudi moja moja.

Sasa nisikilize, nimeharibu. Wiki tatu zilizopita mchezo uliomba kusasishwa, nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Dinosauri ametoweka. Fundi wa kompyuta ametafuta weee, akaniambia faili hilo analo aliyelitengeneza tu. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata.

Baba hagusi tena usukani. Vidole vinakakamaa, maneno yanampotea tena. Nimekata tamaa, mdogo wangu, sikufichi. Nalia jikoni bomba likiwa wazi ili Mama asisikie.

Msalimie wifi, uwabusu mapacha. Mama anakuombea safari njema, ijapokuwa hujasema unakuja. Mungu akulainishe moyo.

Jambo moja sikukwambia. Yule dinosauri Baba alimpa jina, akamwita Chapuchapu. Kila asubuhi anatazama kioo cheusi anauliza, "Chapuchapu yuko wapi?" Namjibu yuko njiani.

Usinifanye mwongo.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Dada yako