Vigimbi Vyangu na Siku ya Kupimwa Jeshi

Mama Tak wa redioni, shikamoo. Kwa kawaida hapa mtaani mimi ndiye naombwa ushauri, leo nakuja kwako, usizoee. Naitwa Pyo Dal-su, miaka kumi na tisa, shule niliiacha kabla haijaniacha, napandisha mitungi ya gesi mgongoni kwenye ngazi za mtaa wetu wa mlimani hapa Busan, na kwenye dansi hakuna wa kunigusa, ila mitungi hiyo imenipa vigimbi, Mama, vigimbi vya kutisha, na juzi Gi-tae, kiongozi wa kundi letu la dansi, kaniona na kaptula akasema, "Oya, miguu ya figili! Jukwaani tunapanda kucheza au kuuza mboga?" wakacheka wote hadi binti Cho-rong, na Cho-rong akicheka mimi silali. Basi nimepata zahanati, daktari anakata mshipa wa fahamu nyuma ya goti, kigimbi kinanywea chenyewe, mguu unakuwa kama kijiti cha kulia wali, nimepangiwa tarehe tatu, na tarehe kumi na saba nakwenda kupimwa afya ya jeshi la lazima, daraja la kwanza langu, halina mjadala. Sasa mama yangu anapiga kelele, "Utaingia unachechemea, watasema umejikata ukwepe jeshi! Utafungwa, mjinga wewe!" Mimi nikwepe? Kombati zitanipenda! Nipe maneno ya kumnyamazisha, yangu yote kayapangua.

*

Marahaba, Dal-su. Maneno hayo sina, kwa sababu mama yako kasema kweli.

Kicheko cha msichana unayempenda kinachoma, sikudharau. Lakini afisa wa kupima ataona kovu bichi na kijana asiyeweza kusimama kwa vidole. Utamwambia nini, kwamba uliitwa mboga? Wamepita wengi mbele yake waliojiumiza ili wabaki nyumbani, na kila mmoja alikuwa na hadithi tamu. Utachunguzwa, na doa hilo litakufuata kila utakapoomba kazi.

Halafu, bingwa, unaporuka jukwaani unarushwa na nini? Nyusi? Mshipa ukishakatwa hauombwi radhi ukarudi.

Leo hii piga simu zahanati, futa tarehe tatu. Kapimwe na miguu uliyonayo. Ukimaliza jeshi na bado unautamani upasuaji, muulize daktari mwingine, asiyepata chochote kwa kukukata, kama utaruka tena. Ukishapiga simu, nenda kwa mama yako umwambie kwa mdomo wako kwamba alikuwa sahihi. Hilo litakuuma kuliko kisu, ila utapona siku hiyo hiyo.