Sura Kando ya Jina la Fody

Ukilikuta daftari hili, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, nakusihi: hata neno moja lisitoke — si ofisini, si sokoni Analakely, si kwa mama.

Alhamisi, 8 Juni 2023

Baridi. Mhariri, Bwana Andriamasy, kanipa kazi ya kulinganisha. Maoni ya wasomaji kwenye tovuti ya gazeti yabaki kwa kampuni ya nje, au tuyahamishie kwenye mtambo wetu? Ile kampuni inawafuatilia wasomaji na kuwauza kwa watangazaji — kweli. Lakini anwani za barua pepe za wasomaji inatuficha hata sisi. Tukihama, inatukabidhi zote.

Nimemwuliza haraka ya nini. Kacheka. "Binti, mgeni aje kula kwangu na uso kaufunika?"

Jana alikunywa chai na mkurugenzi wa hospitali, mtangazaji wetu mkubwa. Na hospitali hiyo ndiyo msomaji anayejiita Fody anayoiandama kwenye maoni: oksijeni ya wodi inauzwa mlango wa nyuma. Sipendi.

Ijumaa, 9 Juni

Tsiry, fundi wetu, kaingiza maoni yote, pamoja na barua pepe, kwenye ukurasa wa majaribio. Nimemwuliza: barua pepe zitaonekana?

"Kwa wasomaji, hapana. Kwa bosi, akitaka." Kisha: "Mbona umepauka? Una mchumba humo?"

Jumapili, 11 Juni

Nimeufungua ukurasa nikiwa nyumbani. Kando ya kila jina pana picha! Huo mtambo "wetu" unachukua barua pepe ya mtu na kwenda kuulizia sura yake kwa kampuni nyingine ya nje. Hakuna aliyeniambia. Wengi wana kivuli cha kijivu tu.

Fody ana sura. Mwanamke, anacheka. Begani kwake umelala mkono wenye shali ya zambarau, mwenyewe kakatwa na ukingo wa picha.

Shali ni yangu. Harusi ya binamu, kule Antsirabe. Fody ni dada yangu Nivo, muuguzi wa hospitali hiyohiyo.

Nimezizima picha. Nivo yuko zamu mpaka kesho, simu haipokei. Bora nani, mgeni anayetuuza au mwenyeji anayetujua?

Jumatatu, 12 Juni

Bwana Andriamasy kasimama nyuma ya kiti changu. "Picha zimeenda wapi?"

"Picha gani, bwana?"

"Tsiry alinionyesha Ijumaa." Akaishika shali yangu kitini, akaipapasa. "Nzuri. Ya baridi hii. Zirudishe, mkurugenzi anakuja mchana kutazama."

Nimekimbilia nyumbani. Nivo hajarudi.

Dada, naliacha hili kitandani kwako. Usirudi zamu. Usinipigie, laini ni ya ofisi. Usiniandikie barua pepe. Nenda kwa yule mama wa vitumbua vya mofo gasy chini ya ngazi za kanisa letu, umwombe vya jana, si vya leo. Kwa ishara hiyo atakuonyesha niliko.

Shali nimeiacha kitini ofisini, wadhani narudi. Mtu akikuletea, akasema nimemtuma mimi — usimfungulie.