Blanketi Limetoka Kikapuni

Kitahana, Kibondo
Jumapili, baada ya ibada

Mume wangu Baba Yohana,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Kifua chako vipi? Ile dawa ya mizizi unakunywa, au uliimwaga nilipogeuka tu? Yule mbuzi mweusi amezaa? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu tangu nipande treni silali vizuri, nakuwaza uko peke yako na moto wa jikoni, na wewe husahau moto. Mimi mzima, Yohana mzima, hakuna aliyeumia. Nimeanza na hilo ili usisome huku moyo unakudunda, maana mbele kuna mambo. Soma taratibu. Mwandiko ni wangu mwenyewe, ule wa elimu ya watu wazima. Yohana alitaka kuniandikia, nikakataa, mambo yenyewe yanamhusu yeye.

Ulinituma kazi moja. Ulisema nenda ukamtazame huyo Spesioza ambaye mwanao anataka kumwoa, uwatazame na watu wake. Ukiridhika mpe mama yake blanketi, usiporidhika rudi nalo. Na pale stesheni ukaongeza, hawa walikuja kwa kukimbia vita, siku wakiambiwa warudi kwao Burundi wataondoka na wajukuu zetu. Neno hilo nimesafiri nalo daraja la tatu mpaka Kigoma, nikapanda nalo basi la Kasulu, likakaa ubavuni kwangu kama abiria.

Siku ya kwanza tu niliharibu. Mama Spesioza alikuja kunisalimia, mimi nikanyoosha mkono. Yeye akainama, akapiga makofi. Nikabaki mkono unaning'inia hewani. Nikasema moyoni, basi, nimekataliwa kabla sijakaa. Baadaye Yohana ananiambia, "Mama, huku wanasalimiana kwa makofi, Waha na Warundi wote, ilibidi uitikie hivyo hivyo." Sasa ndiyo aniambie! Nikamwambia na mimi langu: kikapuni mna blanketi la mama mkwe wako, siku ukiona limetoka ujue mimi na baba yako tumekubali. Tangu hapo kikapu sikukiacha, hata kisimani nilikwenda nacho, maana mlango wa nyumba ya Yohana hata mbuzi anaufungua.

Jana Yohana akasema, mama ametoka mbali hivi, atarudi bila kuona chochote? Kuna mto na pango huko bondeni, Spesioza na mama yake watatuonyesha njia. Nikauliza tunakwenda na nini. Akasema kwa miguu na baiskeli ya kuazima, mshahara wa mwalimu unaujua. Magari yanayopita huku ni malori ya kupeleka chakula kwenye makambi ya wakimbizi, yanatumwagia vumbi na hayamsimamii mtu. Chakula kilikuwa cha nyumbani, viazi vitamu na maharage yaliyoungwa kwa mawese, Mama Spesioza aliyafunga kwenye jani la mgomba. Mimi nikapakiwa nyuma ya baiskeli kama gunia. Kwenye mlima nashuka, namhurumia mtoto. Kwenye mteremko nashuka pia, breki sikuziamini.

"Sasa mama, baiskeli tumeazima ya nini?"

"Ya kubebea kikapu," nikamwambia.

Na hicho kikapu, Baba Yohana, Mama Spesioza alikuwa anakitazama. Nikikihamishia mkono huu, macho yake yanahama. Nikajiuliza huyu mama ana nini na kikapu changu? Nikakifunga kanga juu, nikaipiga fundo.

Mto wenyewe sijui nikuandikieje uelewe. Sisi tunafukua mchanga korongoni mpaka mkono unazama, ndipo tupate kata moja ya maji ya tope. Huku maji yanapita mchana kutwa, yanaangaza, yanapiga mawe yanarusha povu, na hakuna anayeyageukia. Miti imeyainamia pande zote kama inayanong'oneza. Nilisimama nikaona uzuri, halafu nikaona uchungu, nikawakumbuka mbuzi wetu. Halafu nikaanza kuogopa. Nikauliza mamba. Wakasema wako mbali, huko mto unakopanuka. Nikauliza nyoka. Nikauliza kichocho. Spesioza alinijibu kila swali kwa adabu, ila nilimwona anang'ata mdomo asicheke.

Maji ya kuchemsha niliyobeba niliyamaliza njiani kwa woga, ya mto nikayakataa. Mdomo wa pango uko juu kidogo ya mto, mpana kama mlango wa ghala, ukisogea unakupiga ubaridi na harufu ya popo. Spesioza akasema, "Mama, ndani kuna maji yanadondoka kutoka kwenye jiwe, hayajaguswa na mnyama. Nikuletee?" Ningesema hapana, mwanangu, acha. Kiu ikanijibia. Akachukua chupa, Yohana akachukua tochi. Betri zake alikuwa amezianika juani zipate nguvu tena, mpya hakuweza kununua. Wakaingia.

Tukabaki mama wawili pale mlangoni. Nikaona nafasi ndiyo hii, nikamwuliza wazi. Nikasema, "Mama Spesioza, siku mkiambiwa mrudi kwenu, mtaondoka na wajukuu zangu?"

Hakukasirika. Akasema, "Mimi nilivuka mpaka wa Burundi, Spesioza yuko mgongoni, sikubeba hata sufuria. Nimelima hapa. Mume wangu nimemzika hapa. Nirudi kwenye nini?" Akaokota kijiti, akakivunja. Halafu akasema, "Na wewe, ukimchukua mwanangu ukampeleka huko kwenu kusiko na maji, mimi nitamwona lini?"

Baba Yohana, hilo hatukuliwaza hata siku moja. Tumekaa tunaogopa kunyang'anywa, kumbe na mwenzetu anaogopa kunyang'anywa.

Nikageukia mdomo wa pango. Tukangoja. Watoto hawatoki. Kile kivuli cha mwamba kilikuwa miguuni kwangu, kikapanda mpaka magotini. Nikasimama niite, Mama Spesioza akanishika mkono. "Usipige kelele. Sauti humo ndani inazunguka, mtu hajui imetoka wapi. Wakiifuata watapotea zaidi." Nikakaa. Nikawa navuta pindo la kanga. Yeye pia alikuwa na hofu, nilimwona shingo ilivyokaza, lakini akasema, "Hebu niletee hiyo mikono nikufundishe kusalimia. Kesho wazee wa kwetu watakusalimia kanisani, usiwanyooshee mkono kama mgambo anayedai risiti ya kodi."

Nikapiga makofi.

"Ah, hapana. Hivyo unafukuza ndege shambani. Kunja viganja kama unakinga maji. Inama. Pole pole."

Nikakunja, nikainama, nikapiga. Likatoka kofi zito, la chini, nikalisikia linaingia lenyewe gizani. Nikaacha, nimtazame kama nimepatia. Ndipo tukasikia kutoka ndani kabisa, kasauti ka Yohana kama ka mtoto: "Mama usiache! Piga! Piga!"

Nilipiga. Popo wakatoka wakatupita usoni, mimi ambaye nakimbia hata mende, sikuacha. Mama Spesioza akapiga pamoja na mimi, tukaenda kwa mwendo mmoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Viganja vikawaka moto. Nikaomba kwa Kigogo, nadhani yeye aliomba kwa Kirundi, Mungu mwenyewe ndiye aliyetuelewa.

Akatangulia kutoka Spesioza. Ameloa mpaka kifuani, sketi imechanika, meno yanagongana. Yohana nyuma yake anamshika bega, goti limechubuka kidogo, usishtuke, nimeshalipaka dawa. Tochi ilizimika wakiwa kwenye dimbwi la humo ndani, binti akateleza akazama kwenye shimo, Yohana akamvuta. Walipoinuka hawakujua tena mbele wala nyuma, wakawa wanatembea kuelekea ndani wakidhani wanatoka. Yohana anasema alijaribu kuita, sauti yake ikamrudia kutoka kila ukuta. Lakini lile kofi zito halikuzunguka, lilikuja upande mmoja tu.

Na yule binti, anatetemeka hivyo, akanipa chupa kwa mikono miwili. Imejaa. "Mama, maji yako."

Yayagwe, mume wangu. Sikukuwaza wewe wakati ule, unisamehe. Sikuwaza stesheni wala Burundi. Fundo la kanga lilinishinda nikalikata kwa meno, nikatoa blanketi, nikamfunika mtoto wa watu mpaka kichwani, nikamsugua mgongo kama nilivyokuwa namsugua Yohana akitoka kuoga.

Nilipoinua macho, wote wananitazama. Yohana mdomo wazi. Mama Spesioza amepiga magoti kwenye mawe, machozi yanamtoka, anapiga makofi pole pole.

"Kuna nini tena?" nikauliza.

Yohana akasema, "Mama, blanketi limetoka."

Kumbe alimwambia Spesioza, na Spesioza akamwambia mama yake! Siku zote hizi mama wa watu anatazama kikapu kile akingoja kifunguke, na mimi nadhani anataka kuniibia. Nimeona aibu mpaka leo.

Ningeweza kusema ngojeni kwanza, hili ni la baridi tu. Sikufichi, lilinifika mdomoni. Lakini binti alikuwa amejifunga lile blanketi kama mtu aliyefika kwake. Nikainama, nikakunja viganja, nikamwitikia mama mwenzangu.

Akajifuta macho, akasema, "Sasa umepatia."

Maji yale niliyanywa. Ni matamu, yana baridi ya kuuma meno.

Basi blanketi silileti. Limefuliwa, limeanikwa mbele ya nyumba ya Mama Spesioza na majirani wameshaliona. Kama umekasirika, kasirika sasa huko uliko, ili siku ya kuja kuongea mahari uwe umemaliza. Na kuna lingine. Nimemwahidi mama huyo kwamba mjukuu wa kwanza, Spesioza atakuja kumzalia huku, mikononi mwake, wa pili ndiye azaliwe kwetu. Nimeahidi bila kukuuliza. Kasirikia yote mawili kwa mara moja, usigawanye. Hofu haijanitoka. Sijui kesho serikali itasema nini juu ya watu hawa, sijui barabara hizi, nikifumba macho naliona lile giza. Lakini naogopa nikiwa upande wao sasa, siyo upande mwingine.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie mgolole wake nimeuvaa kila siku. Wifi yangu anayekupikia, mwambie asante na asitie chumvi nyingi. Mwalimu wa kwaya na jirani mwenye punda wote wasalimie. Mbuzi mweusi akizaa jike, usimuuze, ana mwenyewe sasa huku kwa wakwe.

Na wewe anza mazoezi mapema, usije ukaniaibisha mbele ya wakwe. Siyo makofi ya kwenye mkutano. Inama, kunja viganja, vile tunavyokinga maji kule korongoni, lisidondoke hata tone.

Mkeo anayekuwaza,
Mama Yohana