Gaudens, Mtu wa Migombani Aliyewakataa Samaki wa Baruti

Mwaka umetimia, Baba Josepha, tangu ile Machi ya 1976 ulipotuacha. Meza yako ya samaki pale Kariakoo sasa anaisimamia mkeo Severa, peke yake.

Ulishuka kutoka Rombo hujui kuogelea, na umeondoka duniani bado hujui. Kwenye pantoni ya Magogoni ulishika nguzo kwa mikono miwili, watu wakakucheka, nawe ukacheka nao. Ulikuwa mpole. Mwenye njaa hakupita mezani kwako bila kufungiwa walau vibua viwili.

Mwanzoni ulinunua samaki wa baruti kama wengine. Ulidhani bahari haiishi. Hata siku moja rafiki yako Mbaruk, muuza nyavu wa Msimbazi, akakuvusha Kigamboni maji yamekupwa, akakuonyesha matumbawe yaliyolipuliwa.

"Hapa ndipo samaki wanapozalia," alikuambia. "Ukipavunja, kesho utavua maji matupu."

Tangu hapo kila samaki ulimpasua kwanza. Ukikuta mfupa wa mgongo umevunjika na damu imevilia tumboni, humchukui. Ukawafundisha na wateja kuwatambua. Basi wenzako wa meza za jirani wakakununia, hata salamu ikakatika.

Severa naye alikuja juu. "Wewe mtu wa migombani, bahari inakuhusu nini? Wanao watakula matumbawe?"

Ulimjibu taratibu, "Mama Josepha, kwetu mtu akikata mti wa kwenye chemchemi anatozwa mbuzi. Huku nani atamtoza?"

Akasusa. Wiki ile ya mwisho, kabla homa haijakulaza, ulisimama sokoni peke yako, naye yuko nyumbani amenuna. Hilo linamuuma mpaka leo.

Mwezi uliopita alimwomba Mbaruk amvushe. Alitembea juu ya mawe yale yaliyovunjika tangu asubuhi mpaka maji yakaanza kujaa, hakuona hata kisamaki kimoja. Alirudi mbio akuambie. Alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hupo.

Sasa naye huwakataa wa baruti. Hupanga changu wake wachache, na hakuna jirani anayemwambia hata habari za asubuhi.

Wanaokukumbuka, leo na siku zote, ni wanao Josepha na Anselmi, kaka yako Kasmir aliyeko Rombo, na rafiki yako Mbaruk. Mkeo Severa ameomba neno lake liandikwe hapa, maana nyumbani hana tena wa kumwambia: Baba Josepha, ulisema kweli. Nisamehe.