Sentimita Ishirini na Tano za Kona Yetu

Mama yangu,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia kwamba naogopa. Nikimwambia Neema, presha yake itapanda zaidi, na hiyo presha ndiyo ninayoiogopa.

Huyo mjukuu wako ana mimba ya miezi minane. Nesi wa kliniki alinitazama mimi, si yeye. "Mama, kichwa kikimuuma sana, au macho yakiingia ukungu, usisubiri. Mlete saa hiyo hiyo." Nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikaanza kuhesabu. Toka mlangoni kwetu mpaka pale bajaji inapofika ni hatua mia moja na arobaini. Unazijua. Ulizipita umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Unakumbuka tulivyonunua hapa? Palikuwa shamba la mahindi, mwenyewe anakata vipande na kuuza kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Kila mnunuzi alileta mtu wake wa kupima. Mimi nikakuleta wewe kutoka kijijini Maposeni, kwa ajili ya miguu yako mirefu. Ukapandisha kitenge, ukaanza.

"Mama, unapima au unaruka mtaro?" muuzaji akalalamika.

"Baba, mguu wangu, shamba lako. Wewe hesabu tu."

Baadaye nilipima kwa futikamba: hatua zako ishirini zilitoka mita ishirini na tatu. Tulicheka wiki nzima. Hakuna aliyeuliza njia itapita wapi. Kila mtu alijua itapita kwa jirani.

Nyumba nilijenga mwenyewe, kwa mitumba niliyouza sokoni Majengo, bila mume, bila mkopo. Jiko nikalisogeza mpaka mwisho kabisa wa kipande. Karatasi ya muuzaji ninayo, muhuri wa mtaa upo. Na kwenye kona ya jiko hilo, mama, wale wanaume wanne waliokubeba kwenda hospitali walishindwa kukigeuza kiti chako. Ilikuwa saa nane mchana, unahema kwa shida. Wakakilaza ubavu. "Jamani, mnanimwaga," ulisema, nao wakacheka kwa woga. Dakika ishirini na tatu mpaka barabarani. Kesho yake ukafa. Daktari hakusema kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Sikumuuliza.

Halafu ndiyo wakaja wapimaji kurasimisha mtaa. Barabara waliyoichora ikapita juu ya jiko langu na chumba ulichokuwa ukilala. Majirani wanane wakakubali kurudi nyuma. Mimi nikakataa. Nilisimama mkutanoni nikauliza: tulipokuwa tunajenga miaka yote ile, ramani ilikuwa wapi? Bado nauliza. Wenzangu walitoa uzio wa mabanzi, mimi natakiwa nitoe tofali za kuchoma. Baba Rukia, yule jirani aliyetoka Tunduru, akaniambia mbele za watu, "Mama Neema, njia umeila wewe."

"Nimeila na chumvi au bila?"

Mkutano mzima ukacheka, nami nikaondoka najiona nimeshinda.

Juzi Neema alikaa chini ghafla, kashika paji la uso. "Kidogo tu, mama." Maumivu yalipoa, macho yake hayakuwa na shida, lakini mimi nilikuwa nimeshachukua futikamba. Kwenye kona: mita moja na sentimita tano. Bajaji: mita moja na thelathini. Zinapungua ishirini na tano, na zote ziko kwenye ukuta wangu.

Jana fundi aliubomoa ukuta wa jiko. Baba Rukia alikuja, akaanza kuhamisha tofali. Mchana nikamwita dereva wa bajaji ajaribu. Akapita ile kona, akafika mpaka mlangoni! Nilishafungua mdomo nipige vigelegele. Yeye akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Mama mkubwa, kufika nimefika. Natokaje?"

"Kama ulivyoingia."

"Rivasi? Umbali wote huu, na mgonjwa ndani? Hapa hakuna pa kugeuzia."

Nikakaa juu ya lile rundo la tofali. Nilipiga hesabu ya upana siku nzima, kugeuza sikukufikiria kabisa. Nikapima tena pande zote. Pa kutosha kugeuzia ni mahali pamoja tu, mama. Ni chumbani kwako.

Leo nimekitoa kitanda chako nikakiweka sebuleni, karibu na mlango. Neema analala hapo. Kila saa namuuliza kichwa vipi, ananijibu salama, nami simwamini mpaka nimtazame miguu kama imevimba. Fundi anarudi kesho saa moja asubuhi kuendelea kubomoa. Kliniki wanasema zimebaki wiki nne. Mimi nimeweka mbili.

Lala salama, mama. Chumba nakichukua.

Mwanao,
mama yake Neema