Jina la Komora Chini ya Picha

Ngao, Jumapili, maji yameanza kurudi mtoni

Baba,

Kitabu kimefika, miezi miwili baada ya kukuzika. Nilikichukua posta, Garsen, nikakaa pale pale kwenye ngazi kukisoma. Nyuma wametia kurasa za Kiingereza kwa ajili yetu.

Ni kile cha historia ya kijiji chao, cha yule mama Mjerumani aliyekuja kutuuliza habari za mmishenari wa zamani kwa sababu mmishenari huyo alizaliwa kwao. Ulikaa naye siku tatu barazani. Alikuambia kwao nyumba huitwa kwa jina la aliyeijenga kwanza, hata kama ukoo wake umekwisha. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kumbe ni watu kama sisi," ukasema. "Shamba lisilo na jina la aliyelifyeka ni pori."

Baba, majina yao yote yamo. Mwoka mikate, mwenye kinu cha maji, wapiga tarumbeta wa kanisa lao. Farasi aliyevuta gari la zimamoto ana jina. Farasi.

Halafu picha yetu. Mmishenari ameketi mtumbwini, jina lake lipo, na jina la nyumba aliyozaliwa. Aliyesimama nyuma yake, akiusukuma mtumbwi kwa upondo, ni babu yako. Chini wameandika, "na mwenyeji mmoja."

Lakini ulimtajia jina. Nilikuwepo, nikimimina chai. Ulisema Komora wa Buya, ukamfanya yule mama alirudie mpaka akalitamka vizuri. Ukampeleka akaone shamba, lile la kutoka mtoni hadi bwawani, ambalo mpaka leo tunasema ni kwa Komora. Aliandika. Nilimwona akiandika.

Watu wasiojua kutunza majina ningewasamehe. Hawa wanajua.

Nilimwonyesha mzee wa kanisa. Akaniambia, "Mwanangu, shukuru hata picha imetoka. Tukiweke kabatini, wageni wakija wakione." Nikaaga, nikakitia kitabu kwapani, unanijua. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiongea peke yangu kama mwehu, na watu wakinipisha.

Nimechukua kalamu yako ya bluu. Nimekata yale maneno matatu nikaandika Komora wa Buya, nikakandamiza mpaka ukurasa wa pili ukapata alama. Mzee atasema nimeharibu kitabu cha kuonyesha wageni. Aseme. Na yule mama nimemwandikia aliandike jina kwenye vitabu vyote vilivyobaki kwao, na kwenye ile picha ambayo kitabu kinasema wameitundika katika shule yao ya zamani. Asipojibu nitaandika tena. Hasira hii sitaiacha ipoe kabla hajajibu.

Pumzika, Baba. Kwa Komora nimepanda mpunga, upande ule wa chini ambao wewe ulikuwa ukinikataza. Umeota.

Na huko uliko, ukikutana na Komora akakuuliza ni nani amebaki shambani, usimwambie, "Ni binti yangu mmoja." Nitaje.

Rhoda